Kamera Yenye Adabu

Tangu niliporudisha funguo za studio kwa mwenye nyumba pale Nyamira, sijaona amani. Nilidhani kustaafu ni kurudi huku Manga, kuchuma majani yangu ya chai asubuhi na kulala mchana kama mtu mwenye akili timamu. Badala yake simu inalia. Ninyi vijana wa picha, mliokuwa mkinicheka niliposema filamu haijafa, sasa mmeamka wote kwa pamoja mnataka filamu. Na si filamu yoyote. Mnataka kamera ndogo ya kubebeka inayotumia filamu kubwa, ile yenye dirisha la kutazamia pembeni, ambayo mnaiita rangefainda kwa sauti ya mtu aliyegundua dawa ya ukimwi.

Wa kwanza kunisumbua alikuwa Kerubo, mwenye duka la picha za harusi Kisii mjini. Binti mzuri, mchapakazi, lakini ana haraka.

"Madam, nimeona tano kwa mtandao na zote ni fiti," aliniambia. "Wewe niambie tu nichukue gani."

"Unakwenda kupiga nani nayo?"

"Watu tu, Madam."

Watu tu! Nilikata simu nikaenda kulisha ng'ombe. Kisha nikafikiri, nikiendelea kumjibu mmoja mmoja nitakufa mdomo wazi. Kwa hiyo naandika mara moja, msome wote, na atakayenipigia baada ya hapa kuniuliza anunue ipi nitamwambia nimehama.

Nilianza kazi kwa Mzee Ombui, Kisii, katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la ndizi. Harufu ya ndizi mbivu iliingia hadi kwenye chumba cha giza, na mpaka leo nikisikia harufu ya dawa ya kusafishia picha nasikia njaa. Siku ya kwanza sikuonyeshwa kamera. Nilionyeshwa koti. Studio ilikuwa na koti moja jeusi la wateja, tai moja ya mpira, na kitana kilichofungwa kamba kwenye msumari kwa sababu vitana vilikuwa na tabia ya kuondoka na watu. Kazi yangu ilikuwa kumvalisha mteja koti, na kama ni mnene, kulishikilia kwa nyuma kwa pini ili mbele lionekane limefungika. Ukiingia katika nyumba za wazee wa sehemu zetu ukatazama ukutani, utaona wanaume wengi sana waliokuwa na koti zuri jeusi. Ni lile lile. Nililipiga brashi mimi.

Mzee Ombui alikuwa mtu mkavu. Alikuwa na kamera ya boksi yenye lenzi mbili, moja juu ya nyingine, unaitazama kwa kuinama kutoka juu kama mtu anayechungulia sufuria. Alinifundisha filamu ile kubwa tuliyoiita wantwenti: jinsi ya kuivuta bila kuilegeza karatasi yake ya nyuma, jinsi ya kuilamba gundi ya mwisho na kuifunga ikakaza. Alinifundisha kwamba negativu kubwa ukiikuza mpaka ukubwa wa mlango, uso unabaki uso, na ndogo ukiikuza hivyo unapata ugali wa wimbi. Hayo ni mambo ya kawaida, mtayapata kwenye video zenu.

Lakini kitu alichonipigia kelele kila siku hakikuwa cha filamu. Alisema, kabla hujainua kamera mbele ya familia ya Kigusii, uliza kwanza nani ni nani. Yule mama ni mke wa nani? Huyu mzee ni mkwe wa nani? Mnajua wenyewe habari ya chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya kati ya mzazi na aliyeoa au kuolewa kwa mtoto wake, ingawa nikiwatazama siku hizi mnavyopanga watu nina shaka. Mke wa mwana hampi baba mkwe mkono. Haketi akamgusa bega. Hamkodolei macho. Kuna nyumba zinazolegeza na nyumba zinazokaza, na kazi ya mpiga picha ni kujua ameingia ipi.

Nilishuhudia asiyejua. Ilikuwa harusi huku Nyamira, mpiga picha wamemtoa mbali, kijana mchangamfu mwenye mikanda mingi shingoni. Mimi nilikuwa nimealikwa kula. Akapanga watu nje ya kanisa, akamshika bibi harusi, akampeleka hadi kwa baba yake bwana harusi, akasema, "Sasa mama, weka mkono hapa begani kwa daddy. Tabasamu! Karibuni zaidi, mbona mnaogopana?" Mzee akatazama miti. Bibi harusi akatazama viatu vyake. Shangazi mmoja akaanza kukohoa kikohozi kisichokuwa na ugonjwa. Na yule kijana anaendelea tu, "Karibu, karibu, karibu!" Nilitamani ardhi impasukie yeye na mikanda yake. Mwisho nilisimama na sahani yangu mkononi nikamwambia, "Mwanangu, hebu mpige mzee na ng'ombe wake kwanza." Picha hiyo ya bega haikupigwa, na hakuna aliyemweleza kwa nini. Bila shaka hadi leo anasema Wakisii ni watu wagumu.

Mzee Ombui alipochoka aliniachia wateja wake wa upande wa Nyamira, nikafungua changu. Na hapo ndipo nilipokutana na kazi iliyonichosha kuliko zote katika maisha yangu, kazi ya vitambulisho.

Ninyi mnaijua, kwa hiyo msijifanye. Mtu amekufa. Familia inakuja studio, wanaume watatu wenye huzuni na mmoja mwenye haraka, wanaweka mezani kitambulisho cha marehemu. Picha yenyewe ni ukubwa wa ukucha, imesuguliwa mfukoni mwa koti miaka na miaka, nusu ya shavu imeliwa. Wanataka iwe kubwa ya kusimama kando ya jeneza. "Mtoe huo mwanga kwa paji la uso," wanasema. "Mvalishe suti. Mfungue macho kidogo. Anaweza kutabasamu?" Mwanzoni nilikuwa nikifanya kwa kalamu na rangi, baadaye kwa kompyuta, na kila mara nilikuwa na hasira. Mtu ameishi miaka yote hiyo, amezaa, amejenga, amechimba mitaro ya chai, na watoto wake wenye kazi nzuri mjini hawakuona haja ya kumpiga picha moja ya maana akiwa hai. Halafu wananiletea ukucha wanataka baba.

Na mara nyingi kosa halikuwa lao tu. Wazee wenyewe hawakushuka kuja studio. Ukimwambia mzee wa Manga ashuke Nyamira kupigwa picha, anakuuliza kama amefungwa au anasafiri. Kwa hiyo niliamua kama wao hawashuki, mimi nitapanda. Hii ndiyo sababu nilihitaji kamera ndogo ya filamu kubwa. Sikuwa nafuata mtindo. Nilikuwa nafuata wazee juu ya mlima.

Wakati huo nilikuwa na kamera kubwa ya kioo, ile ambayo ukibonyeza kioo cha ndani kinapiga pwaa mpaka kuku wanakimbia na mzee anafumba macho. Nina picha nyingi sana za wazee waliofumba macho. Nikipanda na uzito wake vijia vya ukingo wa Manga wakati wa mvua, nilikuwa nikifika kwa watu nahema, wananiwekea maji ya kunywa na kuniuliza kama naumwa. Pikipiki inakufikisha barabarani tu. Kutoka hapo ni miguu yako na tope.

Nikaenda kwa Makori, aliyekuwa akiuza kamera za mitumba Kisii. Makori alikuwa na jibu moja kwa kila swali.

"Hii shata yake bado inafunguka na kufunga vizuri?"

"Hii ni orijino."

"Na hapa pana tundu?"

"Dada, nimekuambia hii ni orijino."

Aliniwekea tatu kwenye kaunta. Ya kwanza ilikuwa ya kukunja, nzuri kweli, inaingia mfukoni, lakini ile ngozi yake nyeusi ya makunyanzi inayofunguka kama akodioni ilikuwa imetoboka kwenye kona. Niliingia nayo chini ya meza, nikajifunika koti, nikawasha tochi ndani yake, nikaona nyota. Kamera ya kukunja isipopimwa kwa tochi usiinunue, hata ukiambiwa ilikuwa ya mfalme. Ya pili ilikuwa na lenzi za kubadilisha, na Makori alizipanga zote mbele yangu kama sahani za sherehe. Nikamuuliza nani atazibeba mlimani. Akasema ni orijino.

Ya tatu ilikuwa ndogo, nyeusi, lenzi moja isiyotoka. Ukiishika kawaida, picha yake inasimama, na ukitaka ya kulala unaigeuza kamera yenyewe. Mimi nilikuwa napiga watu waliosimama na waliokaa, kwa hiyo hilo lilinifaa. Dirisha lake la kutazamia liko juu kushoto, mbali na lenzi. Katikati ya dirisha kuna doa la manjano, na ndani ya doa unamwona mtu wako mara mbili, mmoja halisi na mmoja kivuli. Unazungusha pete ya lenzi mpaka wale wawili wanakuwa mmoja. Basi, umelenga. Shata yake ilisema "tik" tu, kama mtu anayevunja kijiti. Nilibonyeza pale pale dukani mara kadhaa, na Makori mwenyewe hakugeuka.

Ilikuwa na kasoro mbili, na nawaambia wazi kwa sababu mtandao hautawaambia. Kwanza, hailengi karibu. Chini ya mita moja inakataa. Pili, kwa kuwa dirisha si lenzi, unaweza kuacha kifuniko kwenye lenzi, ukaona kila kitu kizuri dirishani, ukapiga filamu nzima ukitabasamu, ukaenda kusafisha ukapata utepe mweupe usio na mtu. Kila mwenye kamera ya aina hii atafanya hivyo. Msinipigie simu siku hiyo.

Nyumbani, mume wangu Nyakundi aliigeuza geuza, akaniuliza, "Haipigi karibu?"

"Haipigi."

"Kwa hiyo picha za paspoti utazipigaje?"

"Kwa ile nyingine."

"Sasa umenunua kamera ya nini?"

Mwalimu wa hesabu huyo, na swali hilo aliniuliza kwa miaka. Ndugu zake wakaniuliza. Wapiga picha wenzangu wa Kisii wakaniuliza, wakicheka. Mtu ameacha kamera inayoona nywele za masikio akanunua ile ya kusimama mbali! Nilichoka kueleza. Nilipanda nayo tu. Niliwapiga wazee wa Manga mmoja mmoja, kwenye viti vyao, mbele ya migomba yao, na negativu zao mnazijua, ndizo mnazoniomba sasa mziweke kwenye mtandao.

Mmoja tu alikataa. Huyo alikuwa baba mkwe wangu, Mzee Mokua, ambaye nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka kwangu.

Mzee Mokua alikuwa wa zile nyumba zinazokaza. Mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na chinsoni kwake haikuwa ya kupunguza. Nilipoolewa pale alinisalimu kwa mbali, na kwa mbali hivyo hivyo akanisalimu miaka yote. Nikimletea chai, naiweka mezani, nasogea, ndipo anaichukua. Akizungumza nami hutazama upande, kwenye ua au kwenye mlima. Wala hakuwa mkali. Nilipojifungua Moraa alituma maziwa kila asubuhi, na tangu hapo akaniita Ng'ina Moraa, mama yake Moraa, kwa sauti nzuri. Ila hakunitazama, na mimi sikumtazama. Kazi yangu ni kutazama watu, na mtu niliyeishi jirani naye miaka yote hiyo nilikuwa namjua kwa kofia na mgongo.

Wajukuu walipokuja na simu zao kumpiga, aliinua kofia akafunika uso. Nyakundi alipomletea mpiga picha mwingine, mwanamume, alimfukuza kwa sababu alimwambia acheke. "Nicheke nini?" aliuliza. Kwa hiyo mimi siwezi kwa sababu ni mke wa mwanawe, na wengine hawawezi kwa sababu ni wajinga. Niliwahi kumwambia Nyakundi kwamba baba yake atanitia wazimu.

Kisha mama mkwe wangu akafa, ghafla, nikiwa nimesafiri. Niliporudi, shemeji yangu alikuwa ameshapeleka kitambulisho chake kwa studio moja ya mjini ili nisisumbuke. Nisisumbuke mimi! Picha ililetwa asubuhi ya mazishi, kubwa, ndani ya fremu ya dhahabu. Walikuwa wamemvua kitambaa chake cha kichwani wakamwekea nywele. Walimpa mkufu. Walimlainisha uso mpaka akawa msichana wa tangazo la mafuta ya kujipaka. Ikasimamishwa kando ya jeneza, na Mzee Mokua akaletwa na wanawe kuaga. Akaitazama ile picha kwa muda. Akamgeukia Nyakundi, akauliza kwa sauti ambayo sisi wote nyuma tuliisikia.

"Huyu mama ni wa nani?"

Nyakundi akasema, "Ni mama, baba."

"Hapana," akasema, na akageuka kulitazama jeneza.

Nililia siku ile kuliko nilivyodhani nitalia. Nililia kwa ajili ya mama mkwe, na nililia kwa hasira. Na niliapa moyoni kwamba yule mzee hatazikwa na ukucha wa kitambulisho. Lakini kuapa ni kitu kimoja, na kumweka Mzee Mokua mbele ya kamera ni kitu kingine. Alianza kukonda. Alikuwa akiketi nje na fimbo yake tangu asubuhi, na kila nilipopita na begi langu nilimwona mzee ambaye shemeji yangu angemwekea suti.

Siku moja, baada ya mvua, nilikuwa nimekaa kwenye kibaraza changu nasafisha kamera ndogo kwa kitambaa. Yeye alikuwa kwake, ng'ambo ya ua. Nikasikia anaita.

"Ng'ina Moraa."

"Tata," nikaitika, ndivyo tunavyomwita baba.

"Hicho kitu, unatazamia wapi?"

Nikainuka, nikasogea mpaka pale tulipozoea kuzungumzia, nikamwonyesha kidirisha. "Hapa, Tata."

"Na hilo jicho kubwa?"

"Hilo ndilo linalochukua picha."

"Kwa hiyo hutazamii ndani ya jicho."

"Hapana. Kile kikubwa cha zamani ndicho nilikuwa natazamia ndani ya jicho. Hiki nina dirisha langu, nacho kina jicho lake."

"Havionani?"

"Havionani, Tata."

Wale waliowahi kumwona akiamua kesi za mipaka ya mashamba wangemtambua. Alitazama mlima, akatazama fimbo. Mimi nilisimama na kitambaa mkononi.

"Na kinataka usimame karibu?"

"Hapana, Tata. Karibu kinakataa kabisa."

"Kinakataa?"

"Ukikisogeza karibu hakioni."

Akacheka. Alicheka mpaka akakohoa. "Basi hiki kina adabu," akasema. "Kuna watu wazima hawana adabu ya hiki." Akavua kofia, akaiweka gotini. "Wewe utatazama dirisha. Kitakachonitazama ni hicho. Mwite mume wako aniweke kola vizuri."

Nilimwita Nyakundi, akaja akikimbia akidhani kuna msiba, na akaiweka kola vibaya, kama nilivyotarajia. Siwezi kumgusa mzee, siwezi kumwelekeza kidevu kwa mkono, na yule mwalimu wa hesabu amesimama hapo anavuta kola kama anamfunga ng'ombe. "Kushoto, Nyakundi. Kushoto kwake! Acha. Toka." Nikatoa kifuniko cha lenzi, nikakiweka kwenye kigoda kilichokuwa mbele yake. Nikainua kamera.

Nikamwona mara mbili, wawili wa manjano mmoja juu ya mwingine. Nikazungusha pete polepole mpaka wakawa mtu mmoja. Alikuwa na kovu dogo chini ya jicho ambalo sikuwa nimelijua. Alikuwa na macho ya Moraa binti yangu. Sikujua! Miaka yote nasema mtoto huyu macho amepata wapi, na yalikuwa hapo ng'ambo ya ua chini ya kofia. Nilibonyeza. Tik.

"Tayari?" akauliza.

"Tayari, Tata."

"Hakiumi," akamwambia Nyakundi.

Nikavuta filamu mbele, kwa mazoea tu ya mkono, nikaiweka kamera kwenye kigoda nirudi nyuma. Naye akanyoosha mkono akaichukua. Nyakundi akataka kumsaidia, akamkatalia. Akakishika kile kifuniko, akakigeuza, akakiweka juu ya lenzi na kukibana hadi kikakaa. Alikiangalia kuhakikisha kimeshika. Kisha akainua kamera akaweka jicho kwenye dirisha, akanielekezea mimi.

Sikujua niangalie wapi. Nilianza kutazama chini, halafu nikaona kwamba hapo mbele yangu hapakuwa na macho, palikuwa na kifuniko cheusi, na kifuniko mtu anaruhusiwa kukitazama. Nikakitazama.

"Mko wawili," akasema.

"Zungusha ile pete, Tata."

Akazungusha. Alichukua muda wake. "Sasa ni mmoja," akasema. Na kwa sauti ile nzuri, "Umezeeka, Ng'ina Moraa. Nilidhani ni sisi tu tuliozeeka."

Akabonyeza. Tik. Akairudisha kamera kwenye kigoda, akavaa kofia, akageukia mlima wake, na kikao kikaisha. Nyakundi aliniambia jioni kwamba baba amesahau kutoa kifuniko. Nilimtazama mume wangu nikaona haina maana kuanza kumweleza kwamba alilifunika lile jicho makusudi, lisinitazame.

Mzee Mokua alitutoka kabla ya mvua zilizofuata. Shemeji yangu alinipigia simu kutoka Kisii kuuliza kama tunaweza kumwekea suti na mandhari ya bahari. Nilimwambia akithubutu nitamzika yeye. Picha ile niliikuza mwenyewe, hadi ukubwa wa mlango, kwenye karatasi ya mwisho niliyokuwa nayo. Ikasimama kando ya jeneza: mzee, kofia gotini, kola imekaa vibaya upande mmoja, kovu, na macho. Watu wa Manga walipita mbele yake wakaenda polepole. Bibi mmoja jirani yetu alisimama akaisalimu.

Sasa mwezi uliopita Kerubo alikuja huku juu na mashine yake ya kuhamishia negativu kwenye kompyuta. Nilimpikia, nikamwachia makaratasi yangu ya negativu, akaanza kazi. Kisha akaniita. Alikuwa ameinua utepe mmoja dirishani. Kulikuwa na Mzee Mokua, na baada yake fremu nyeupe, safi kama maji.

"Madam, hii moja haikutoka. Mtu alisahau kifuniko. Niikate?"

"Usiikate."

"Lakini haina kitu."

"Ina kitu. Hiyo ni mimi," nikamwambia. "Baba mkwe wangu ndiye alinipiga."

Kerubo aliuinua tena ule utepe kwenye mwanga, akaitazama ile fremu nyeupe, na tangu siku hiyo hajaniuliza tena anunue ipi.